Picha Nyepesi, Bando la Mteja

Tuanze na hesabu. Muuza vitenge wa Kariakoo ana ukurasa wake mtandaoni, na humo amepanga picha 20 za mzigo mpya, zote kama zilivyotoka kwenye simu. Picha moja ya simu za siku hizi huwa na megabaiti 3 hadi 5, tuchukue 4. Mteja akiuteremka ukurasa ule hadi mwisho, ameshakula megabaiti 80. Kama GB 1 aliinunua kwa shilingi 2,000 (weka bei ya kifurushi chako, maana kila mtandao una yake), kuangalia vitenge tu kumemla shilingi 160, na hata bei hajauliza. Wakipita wateja 300, shilingi 48,000 zimeondoka kwenye mabando ya watu. Zishushe picha zilezile hadi kilobaiti 200 kila moja, ukurasa mzima unakuwa na megabaiti 4, na kila mteja anatumia shilingi 8.

Hiyo 48,000 muuzaji haioni popote kwenye daftari lake. Anachoona ni kwamba watu wanaingia na kutoka bila kuuliza kitu. Wengine hawakufika hata kitenge cha tatu. Waliona duara linazunguka, wakarudi zao Instagram. Ndiyo maana katika kulinganisha njia za kupunguza picha naweka gharama tatu kwenye mizani: pesa ya mwenye picha, muda wake, na bando la anayeipokea. Njia nyingi ni za bure, na niseme mapema kwamba kwa picha ya kuwekwa mtandaoni, sijaona programu ya kulipia inayotoa kitu ambacho ya bure haiwezi. Wanachokuuzia ni muda.

Vipimo kwanza, kubana baadaye

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na picha nyingi huharibika hapo. La kwanza ni vipimo, yaani idadi ya pikseli, vile vitone vinavyounda picha. La pili ni kubana, yaani kulifanya faili liwe dogo huku idadi ya vitone ikibaki ileile.

Kamera ya megapikseli 12 inatoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Skrini za simu nyingi za bei nafuu zina upana wa pikseli 720. Laptopu za kawaida zina 1366 au 1920. Mteja wako anapopokea picha yenye upana wa 4000 kwenye simu ya 720, zilizozidi amezilipia na hazioni. Ukiishusha hadi 1600 kwa 1200, vitone vinapungua kutoka milioni 12 hadi milioni 1.92, zaidi ya mara sita, na jicho halishtuki mpaka mtu aikuze picha kwa vidole. Hapo bado hujabana chochote. Ukimaliza ndipo unabana, na faili la megabaiti 4 mara nyingi linatua kati ya kilobaiti 200 na 500, kutegemea picha yenyewe: ukuta mweupe hubanika sana, majani ya mwembe hayabaniki.

Kwa bidhaa ambazo mteja atataka kuzikuza aone mfumo wa kitambaa, 1600 kwa upande mrefu inatosha. Instagram huishusha picha hadi upana wa 1080 hata ukiipelekea kubwa, kwa hiyo kuipakia ya 4000 ni kulipia bando la kupandisha kitu ambacho wao watakikata.

Hapa niondoe jambo moja linalopoteza muda wa watu wengi. Utaambiwa picha ya mtandaoni lazima iwe na nukta 72 kwa inchi na ya kuchapisha 300. Kwenye skrini namba hiyo haina kazi. Picha ya pikseli 1600 ikiandikwa 72 au 300 ndani yake ni picha ileile, uzito uleule, na itaonekana vilevile. Namba hiyo ni ya mtu wa mashine ya kuchapisha. Mtu akikutoza ili akubadilishie 300 iwe 72 bila kugusa pikseli, amekuuzia hewa.

Na wale wenye simu zilizoandikwa megapikseli 50 au 108 nyuma ya kasha: kwa kawaida simu yenyewe huunganisha vitone kadhaa kuwa kimoja na kukupa picha ya megapikseli 12 hivi. Ukienda kwenye mipangilio ukawasha zile 50 kamili, unapata faili zito mara kadhaa ambalo mtandaoni halitakufaidia chochote. Ziache zimezimwa, labda kama unapiga picha ya kuchapishwa kwenye bango.

Kilobaiti 240

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwenye steshenari. Kwa miaka mingi bahati nasibu ya visa ya Marekani, ile ambayo kila mtu anaiita Green Card, imekuwa ikivuta watu kwenye vibanda vya kompyuta kuanzia Dar es Salaam na Mwanza hadi saiba za Nairobi. Picha inayotakiwa ni ya mraba, pikseli 600 kwa 600, aina ya JPEG, na faili lisizidi kilobaiti 240. Masharti hayo yanawatoa watu jasho bila sababu.

Angalia inavyokwenda pale ambapo mhudumu hajui. Mteja amekuja na picha ya simu, megabaiti 4. Mhudumu anaifungua, anaona ni nzito, anaenda moja kwa moja kwenye kile kishale cha ubora na kukivuta kushoto: 60, 40, 20, mpaka faili lifike 240. Kisha anaikata mraba. Sura ya mteja imejaa vijisanduku, kingo za masikio zina ukungu, na rangi ya ngozi imegawanyika mapande. Fanya hesabu uone kwa nini. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000, kila kitone kikibeba baiti tatu za rangi, ina baiti milioni 36 kabla ya kubanwa. Kuiingiza kwenye kilobaiti 240 ni kuibana karibu mara 150. Hakuna picha ya uso inayotoka salama hapo.

Sasa geuza mpangilio. Kata mraba kwanza, kichwa kikae pale kinapotakiwa. Shusha hadi 600 kwa 600. Picha hiyo kabla ya kubanwa ina baiti 1,080,000 tu, kwa hiyo kuifikisha 240 ni kuibana kama mara nne na nusu, kitu ambacho JPEG inafanya bila mtu kujua. Unaweza kuacha ubora kwenye 90 na bado faili likawa chini ya kikomo. Programu ni ileile, mteja ni yuleyule, na bei ya kibandani haibadiliki; kilichobadilika ni kipi kimetangulia. Ukienda steshenari, simama nyuma ya kiti uangalie. Akigusa ubora kabla ya vipimo, mwambie.

Onyo dogo kwa picha za namna hii: usipitishe kwenye programu za kung'arisha ngozi. Wamarekani hawaruhusu picha iliyobadilishwa sura, na simu nyingi hulainisha uso zenyewe kabla hujaomba. Zima hali ya urembo kabla ya kupiga.

Kanga nyekundu

JPEG ni mfumo wa mwaka 1992, na umri huo haujauondoa sokoni. Huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, kisha ndani ya kila kipande hutupa yale mabadiliko madogo ambayo jicho halitayatafuta. Vile vijisanduku unavyoviona kwenye picha iliyobanwa kupita kiasi ndivyo vipande hivyo, mipaka yake imejitokeza.

Hila ya pili iko kwenye rangi. Jicho la binadamu linaona tofauti ya mwanga na kiza vizuri kuliko tofauti ya rangi na rangi. Kwa hiyo programu nyingi huhifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi huihifadhi moja kwa kila pikseli nne. Kwenye picha ya mtu au ya mandhari hilo halionekani. Kwenye kanga linaonekana. Chukua kanga nyekundu yenye maandishi meusi, ipunguze mpaka 1080, ibane kwa kiwango cha kawaida, halafu ikuze kwenye herufi. Kingo za herufi zimechuja, wekundu umemwagikia weusi, na kama maandishi ni membamba, mteja hasomi kanga inasema nini. Na kanga ambayo haisomeki nani ataiagiza?

Dawa ipo na ni bure. Programu nyingi zina kisanduku cha kuzima upunguzaji huo wa rangi. GIMP wanacho kwenye mipangilio ya juu ya kuhifadhi JPEG, IrfanView wanacho, Squoosh wanacho (zote tatu nitazieleza mbele). Faili litaongezeka kidogo, labda kutoka kilobaiti 250 kwenda 300 na kitu. Kwa muuza kanga na vitenge ni ongezeko la kulipia. Kwa mwenye kuuza viti vya mbao halina maana.

Kuhusu namba ya ubora: kati ya 75 na 85 ndiko kwenye faida. Kutoka 100 kushuka hadi 85 faili hupungua sana na jicho halioni; chini ya 60 jicho linaanza kulalamika. Lakini 80 ya programu moja si 80 ya nyingine. Photoshop, kwa mfano, ina sehemu moja inayopima kwa 0 hadi 12 na nyingine kwa 0 hadi 100. Usibebe namba kutoka programu hii kwenda ile, tazama picha.

Na usihifadhi JPEG juu ya JPEG. Kila ukiifungua, ukairekebisha na kuihifadhi tena, inabanwa upya na kupoteza kitu. Ile picha ya tangazo la nyumba iliyopita makundi kumi ya WhatsApp mpaka namba ya dalali haisomeki imefika hapo kwa njia hiyo.

WhatsApp unayo tayari

Njia inayotumiwa na wengi kuliko zote haiitwi programu ya kupunguza picha. Ni kujitumia picha WhatsApp na kuichukua upande wa pili. Haina gharama ya ziada, haina cha kujifunza, na inafanya kazi: picha ya kawaida hushushwa hadi upande mrefu wa pikseli 1600 hivi na kubanwa hadi kilobaiti mia chache. Kwa tangazo la kiwanja au gari, inatosha kabisa, na sioni sababu ya kumcheka anayefanya hivyo.

Kasoro yake ni kwamba huchagui ubora, wala hicho kisanduku cha rangi ya kanga hukipati. Tangu Agosti 2023 kuna chaguo la HD linalotuma picha yenye vipimo vikubwa zaidi, nalo bado linabana. Ukitaka ifike kama ilivyo, itume kama hati. Hapo WhatsApp haigusi kitu, na faili linaweza kufika hadi GB 2. Mpokeaji ndiye atakayelipa.

Kuna tofauti nyingine ambayo watu hawaijui. Picha ya simu hubeba ndani yake maelezo yaliyofichika: aina ya simu, saa, na kama umeruhusu, mahali ulipopigia kwa vipimo vya setilaiti. WhatsApp huyaondoa ukituma kama picha. Ukituma kama hati, yanakwenda nayo. Desemba 2012 John McAfee, tajiri wa programu za kuzuia virusi aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize, alipigwa picha na mwandishi wa jarida la Vice. Picha ilipowekwa mtandaoni bila kusafishwa, watu wakasoma ndani yake kwamba yuko Guatemala. Muuza simu anayepigia picha bidhaa zake sebuleni kwake afikirie hilo kabla ya kuweka picha za asili kwenye tovuti yake.

Za bure kwenye kivinjari, na mtego wake

Ukitafuta mtandaoni utakutana na tovuti nyingi za kubana picha. Kwangu zimegawanyika makundi mawili, na mgawanyo wenyewe unahusu bando lako.

Kundi la kwanza hupandisha picha yako kwenye kompyuta zao, wanaibana huko, nawe unaipakua. TinyPNG ya Waholanzi ndiyo inayojulikana sana. Kazi yake ni nzuri, hasa kwa nembo na picha za skrini za aina ya PNG, ambazo inazipunguza rangi hadi zisizozidi 256 na kukurudishia faili dogo mno bila tofauti inayoonekana. Kwa matumizi madogo ni bure, na anayetaka zaidi hulipia. Lakini fikiria picha 50 za megabaiti 4: umepandisha megabaiti 200 kabla ya kupata chochote. Kwa bei ile tuliyoanza nayo ni shilingi 400, na kwenye mtandao wa kusuasua ni jioni nzima. Na picha zako zimepita mikononi mwa mtu mwingine. Picha ya gauni haina neno. Picha ya kitambulisho cha NIDA, hati ya kiwanja au cheti cha hospitali siipeleki kwenye tovuti kama hizo, hata wakiandika kwa herufi kubwa kwamba wanafuta baada ya saa moja.

Kundi la pili linafanya kazi ndani ya kivinjari chako, picha haitoki kwenye kifaa. Squoosh, iliyotolewa na watu wa Chrome wa Google mwaka 2018, ni ya namna hiyo. Unafungua ukurasa mara moja, halafu hata bando likikata inaendelea. Skrini inagawanywa kwa mstari, kushoto picha ya asili, kulia iliyobanwa. Unauvuta mstari juu ya herufi za kanga na kuona kilichoharibika, huku uzito wa faili ukisomeka chini. Nawaambia wanaoanza waanzie hapo, kwa sababu inafundisha jicho. Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: picha moja kwa wakati. Ukiwa na picha 20, sawa. Ukiwa na 200, utaichukia.

Kwenye kompyuta

Hapa ndipo muda unapopatikana bila kulipa. Mwenye Windows ana IrfanView, programu ndogo ya Irfan Škiljan iliyopo tangu 1996, nyepesi kiasi kwamba kompyuta ya zamani ya ofisini inaiendesha bila kulalamika. Unabonyeza herufi B, unachagua folda nzima, unaandika 1600 kwa upande mrefu, ubora 80, na kuacha kompyuta ifanye kazi. Ina hata sehemu ya kuandika kilobaiti unazotaka, jambo linalowafaa wa steshenari. Ni bure kwa matumizi binafsi. Biashara inatakiwa kulipa ada ndogo ya mara moja, na kwa kazi inayofanya ningeilipa bila kubembelezwa.

GIMP ni bure kwa kila mtu, biashara au binafsi, nayo ni kongwe. Ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kwa kukata picha, kufuta uchafu wa nyuma na kuona uzito wa faili kabla ya kulihifadhi, inatosheleza. Kwa kupunguza picha nyingi mkupuo mmoja inachosha, na sura yake humtisha mgeni.

Kwa asiyeogopa kuandika amri, hakuna kinachoishinda ImageMagick, ambayo ni bure vilevile. Tengeneza folda iitwayo ndogo ndani ya folda ya picha, kisha andika:

magick mogrify -path ndogo -auto-orient -resize "1600x1600>" -quality 80 -strip *.jpg

Picha 500 zitapita ukiwa unakunywa chai. Ile alama baada ya 1600 inazuia picha ndogo zisikuzwe. Neno auto-orient lisiachwe: strip hufuta maelezo yaliyofichika, pamoja na lile linaloiambia skrini picha imesimama au imelala, na ukilisahau nusu ya picha zako zitalala ubavu. Wenye iPhone waangalie pia rangi, kwa sababu strip hufuta maelezo ya rangi pana ambayo simu hizo hutumia, na nyekundu inaweza kupauka. Kwa vitambaa vya iPhone, bora uhifadhi picha katika rangi za kawaida za mtandaoni kupitia GIMP.

Halafu kuna Photoshop. Adobe waliacha kuuza nakala ya kudumu na tangu 2013 wakageukia malipo ya kila mwezi. Kwa Marekani, Photoshop peke yake imekuwa ikitangazwa dola 22.99 kwa mwezi kwa anayejifunga mwaka mzima. Hiyo ni dola 275.88 kwa mwaka; ukichukua dola moja kwa shilingi 2,500, unakaribia shilingi 690,000. Kama kazi yako ni kusafisha nyuso za maharusi na kutengeneza mabango, inaweza kujilipa. Kama kazi yako ni kupunguza picha za viatu, umenunua tingatinga kuchimba shimo la mche wa mgomba. Na zile nakala za kupewa kwenye flashi na fundi wa kompyuta si za bure: mara nyingi lazima uzime kinga ya virusi ili zikubali, kwenye kompyuta hiyohiyo unayofungulia akaunti ya benki.

Mwenye tovuti ya WordPress ana msaada asioujua. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, picha inayozidi pikseli 2560 hushushwa yenyewe, na nakala ndogo kadhaa hutengenezwa ili simu ipewe ya simu na laptopu ya laptopu. Mteja anapona. Lakini zile nakala zote, pamoja na picha ya asili, hukaa kwenye nafasi unayoikodi, na nafasi ikijaa mwenye seva atakuletea ankara ya kifurushi cha juu. Punguza kabla ya kupakia.

Aina za faili

Hapa sitakaa sana. JPEG bado ni chaguo salama kwa picha za kamera, inafunguka kila mahali. PNG, ya mwaka 1996, haipotezi chochote, kwa hiyo ni ya nembo, michoro na picha za skrini zenye maandishi, mfano risiti ya muamala. Kuihifadhi picha ya kamera kama PNG ni kuilipia mara kadhaa bila faida. WebP ya Google ilitoka 2010, na kwa vipimo vyao wenyewe hupunguza faili la JPEG kwa asilimia 25 hadi 34 kwa ubora unaofanana. Safari ya Apple iliikubali 2020, kwa hiyo kwenye tovuti sioni tena sababu ya kuiogopa. AVIF inabana zaidi, lakini inachukua muda mrefu kutengenezwa na simu kongwe haziifungui; wateja wa Kariakoo wana simu kongwe. HEIC ndiyo inayoleta ugomvi: iPhone huitumia tangu iOS 11 ya mwaka 2017, ni nyepesi kuliko JPEG, lakini tovuti nyingi za maombi huikataa. Kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya miundo, chagua ile inayokubalika zaidi, na simu itapiga JPEG.

Uchague ipi

Mwenye bidhaa chache kwa wiki, mwenye simu tu: Squoosh kwenye kivinjari cha simu, au WhatsApp ikiwa hauzi vitambaa. Gharama sifuri, dakika moja kwa picha. Mwenye duka la mtandaoni lenye mamia ya bidhaa: IrfanView na ada yake, au ImageMagick kama ana mtu wa kumwandikia ile amri mara moja na kuibandika ukutani. Steshenari: IrfanView, na kanuni ya kukata, kushusha, kubana, kwa mpangilio huo. Picha ya asili isifutwe na mtu yeyote kati ya hao, kwa sababu iliyopunguzwa hairudi ukubwani. Kumbuka tu kwamba Google Photos waliacha kuhifadhi picha bila kikomo tarehe 1 Juni 2021. Sasa unazo GB 15, ukigawana na barua pepe zako, na chaguo lao la kuokoa nafasi huzishusha picha zinazozidi megapikseli 16.

Mpiga picha wa harusi yuko peke yake kwenye hesabu hii. Picha 600 za kamera kubwa, megabaiti 10 kila moja, ni GB 6. Akizipandisha mtandaoni analipa shilingi 12,000 kwa bei yetu ya mfano, na bibi harusi akizipakua analipa nyingine 12,000, kabla ya kuzigawa kwa mashangazi. Zilezile zikiwa kilobaiti 400 kila moja ni megabaiti 240, chini ya shilingi 500 kila upande. Kwa hiyo atume ndogo kwa kiungo ndani ya siku mbili watu wakiwa bado na hamu, na kubwa azikabidhi mkononi kwenye flashi ya GB 16. Bei ya flashi iandikwe kwenye makubaliano tangu siku ya kulipa kianzio.